Mukimu Asiyehesabiwa

Mtu akiwa safarini, fiqhi ya Kishafi, ambayo ndiyo ya Waislamu walio wengi kuanzia Isiolo hadi Lamu, humruhusu kukusuru, yaani kufupisha, swala. Akinuia kukaa mahali siku nne, mbali na ile ya kufika na ile ya kuondoka, ruhusa hiyo inakwisha: amekuwa mukimu, na Ijumaa inamlazimu kama inavyomlazimu jirani yake. Lakini juu ya mukimu yuko mustautini, aliyeufanya mji kuwa makao yake, asiyeuhama kiangazi wala masika ila kwa haja. Wale watu arubaini ambao bila wao Ijumaa haiswihi katika madhehebu hayo, sharti wawe mustautini. Basi mukimu wa miezi sita asipohudhuria ana dhambi, ila arubaini wakihesabiwa yeye hamo. Naona hapa wanazuoni wameligusa swali ambalo serikali za leo hulikwepa: anayeishi mahali bila kuhesabiwa anadaiwa nini, naye anadai nini?

Mukimu huyo leo ni mfanyabiashara wa Kenya aliyeko Guangzhou. Anapanga chumba mitaa ya Xiaobei, na ndani ya saa 24 anajiandikisha polisi, kama sheria iliyoanza kutumika Julai 2013 inavyotaka. Anashinda kwenye masoko ya jumla akipatana bei kwa kikokotoo, maana Kichina chake kinaishia kwenye tarakimu. Ijumaa anaswali msikiti wa Xianxian, penye kaburi linalosemwa ni la Saad bin Abi Waqqas. (Wanahistoria wengi hawakubali, swahaba huyo alifia karibu na Madina. Kumbe hata walii wa mji ni mgeni ambaye karatasi zake zinatiliwa shaka.) Wahanafi wa China, ni kweli, hawashurutishi arubaini, na humwachia msafiri hadi siku 15; lakini mwenye viza ya mwezi mzima ni mukimu kwa madhehebu yote mawili. Mji unamdai kodi ya nyumba, utii na jina lake kwenye daftari, ingawa kibali cha ukaazi wa kudumu ni cha wachache mno. Kwa maoni yangu hilo peke yake si dhuluma. Fiqhi nayo ilimtoa mukimu katika hesabu, lakini haikumtoa kwenye safu. Akiwahi, anasimama hata nyuma ya imamu, na hakuna wa kumwondoa kwa kuwa hayumo katika arubaini. Nani anaufanya mji uwe mji, mji wenyewe una haki ya kuamua. Paa na mlango ni jambo jingine: hilo ni deni, na linazaliwa siku ileile mji unapoanza kumdai mtu wajibu.

Aprili 2020, wakati wa janga la korona, deni hilo lilikataliwa hadharani. Waafrika wa Guangzhou, Wakenya wakiwamo, walitolewa katika nyumba walizozilipia na hoteli zikawafungia milango. Wengine walilala nje, wengi walipimwa na kuwekwa karantini hata kama hawakuwa wamesafiri. Mabalozi wa Afrika mjini Beijing waliandika barua ya malalamiko, na Wizara ya Mambo ya Nje ya Kenya ikaeleza wasiwasi wake. Atasema mtu: walikwenda kutafuta pesa, wakaikubali viza na masharti yake, sasa wanalia nini? Lakini fiqhi haimwulizi mukimu kilichomleta, iwe ni elimu au ni viatu vya jumla; inauliza amenuia kukaa siku ngapi. Na kama ni masharti, aliyeyavunja ni mwenye nyumba aliyekwisha kupokea kodi. Pingamizi zito zaidi ni la ugonjwa, kwa kuwa mji una haki ya kujikinga. Nakubali, na hadithi ya Mtume kuhusu tauni yasema asiingie mtu penye tauni wala asitoke alipo. Ila amri ile inatazama ardhi, haitazami rangi, na tena ina sharti lililojificha: huwezi kumwamuru mtu asitoke kama hujamwachia pa kukaa.

Isiolo haina ruhusa ya kulitazama jambo hili kwa mbali. Wahandisi wa kampuni ya China Wu Yi waliojenga kilomita 136 za lami hadi Merille walikuwa mukimu wetu, na kipimo ni hichohicho. Lakini mfano mzito ni wa zamani zaidi. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, Wasomali wa Isaaq waliokuwa askari wa Mwingereza walipewa makao hapa, kwenye lango la Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, ambako mtu hakupita bila kibali. Amri ya mwaka 1919 iliwaondoa baadhi yao katika jina la “wenyeji”, na kati ya 1936 na 1941 walipigania jambo la ajabu: watozwe kodi kubwa zaidi, ile ya Waasia. Siwalaumu kwa kutaka kuhesabiwa. Ninachokitilia shaka ni njia waliyoichagua, kununua daraja juu ya Waborana na Waturkana waliokuwa majirani zao, kana kwamba usalama hupatikana kwa kumpita mwenzako kwenye orodha ya mkoloni. Orodha ile haikuwafaa. Kufikia miaka ya 1980 wajukuu wao walikuwa mustautini kwa kipimo chochote cha fiqhi, wa kuhesabiwa katika arubaini bila swali. Mwaka 1989 serikali iliwaita, pamoja na Wasomali wengine wa Kenya, wapange foleni wakaguliwe, ijulikane ni nani mwenyeji.