Nani Mwenye Hadithi ya Utotoni?

Tulipoijadili The Secret Book of Flora Lea, riwaya ya Patti Callahan Henry iliyotoka 2023, nilisema kwamba Flora ameonewa. Mwenzetu mmoja akanikatiza: hadithi haina mwenyewe, ikishatoka kinywani ni ya kila mtu. Wengine wakaafiki, mazungumzo yakahamia kwingine. Jibu lile linanikera hadi leo.

Hazel na Flora ni ndugu, miongoni mwa watu wapatao milioni 1.5 waliohamishwa kutoka miji ya Uingereza mwanzoni mwa Septemba 1939 kwa hofu ya mabomu. Huko Binsey, kando ya mto Thames karibu na Oxford, Hazel anamtungia mdogo wake nchi ya siri. Flora anatoweka. Mwaka 1960 Hazel, muuza vitabu London, anaikuta nchi ile ile imechapishwa katika kitabu cha mtu mwingine. Jambo zito kama hilo riwaya inaligeuza kuwa fumbo la kufumbuliwa: siri ilimfikiaje mwandishi? Flora anabaki mtu wa kutafutwa, si mtu aliyeshiriki kutunga.

Milki ni haki ya kutumia kitu na kumzuia mwingine, tuiache hapo. Mtunzi ana uhuru wake, nakubali, na mtoto mdogo husahau. Lakini hili la "kila mtu"! Anayelisema anawazia hadithi iliyokwisha kuiva. Ya kumlaza mtoto haiwi hivyo. Mtoto anauliza kama yule mnyama ana mama, na mama hana budi apatikane. Akiogopa pango, pango linafutwa. Bibi zetu hawakuendelea mpaka "Paukwa" ijibiwe "Pakawa". Basi huyo "kila mtu" anakabidhiwa kazi ya watu wawili kwa idhini ya mmoja, pengine bila idhini ya yeyote. Na asiyeulizwa huwa ni yule mdogo, au aliyekufa, au aliyepotea. Huo wanauita ukarimu! Kwangu ni uporaji.

Kwenye mto huo huo wa Thames, tarehe 4 Julai 1862, Charles Dodgson, yaani Lewis Carroll, aliwasimulia hadithi Lorina, Alice na Edith Liddell wakiwa ndani ya mashua kuelekea Godstow, jirani na Binsey. Alice akaomba iandikwe. Kitabu kikatoka 1865. Edith yumo, amefanywa kinda la tai. Alifariki 1876, akiwa na miaka 22. Mwaka 1928 Alice, mjane aliyebanwa na kodi ya mirathi, aliuza mswada kwenye mnada wa Sotheby's kwa pauni 15,400.

Simlaumu, mswada alizawadiwa yeye. Lakini mashuani wasikilizaji walikuwa ndugu watatu, na sijui fungu la Edith lipimwe vipi, wala apewe nani. Nikisema lilirudi kwa dada yake, nimemkabidhi Hazel haki yote ninayomkatalia. Nikisema lilikufa naye, nimemwachia mwenzetu yule hoja yake.