Picha ya Mwanamke Ni ya Nani?

Mgeni afikapo Rukanga, chini ya mlima Kasighau, huwakuta wanawake wakisuka vikapu vya katani. Mara hutoa kamera. Arudipo kwao ana picha ya mikono, ya kikapu, na ya leso nzuri kiunoni. Jina la msukaji hana. Hakuiba kitu. Hata hivyo kuna kitu kimechukuliwa, nami nauliza: katika picha ya mtu, ni nani mwenye haki ya kusema mtu huyo ni nani?

Zamani za ukoloni alijibu mwenye kamera. Mwafrika alipigwa picha awe kielelezo cha kabila lake, na mwanamke alipimwa kwa mizani ya wengine: weusi wa ngozi ukaitwa ila, nywele za kipilipili zikanyoshwa kwa moto.

Thandiwe Muriu alizaliwa Nairobi mwaka 1990, akashika kamera akiwa na miaka 14, akaja kuishi kwa kupiga picha za matangazo ya biashara. Katika picha zake ziitwazo *Camo*, humvika mwanamke mweusi kitenge, kisha nyuma yake hutandaza kitenge kile kile. Vazi na ukuta huwa kitu kimoja. Machoni humtia miwani iliyobuniwa kwa vitu vya kawaida vya nyumbani, ambavyo sisi huvitumia bila kuvitazama.

Nilipoziona mara ya kwanza nilinung'unika. Je, tumeacha kufichwa na wageni ili tufichwe na nguo zetu? Tena kitenge chenyewe kina asili ya mbali: Waholanzi waliiga batiki ya Java viwandani mwao katika karne ya 19, na Afrika ikaifanya nguo yake. Lakini nilipotazama tena niliona kwamba kinachopotea ni nguo. Ngozi nyeusi, ile ambayo wengi waliambiwa waififishe, haipotei. Mila nazo zi hivyo: humpamba binti, na pengine humwamuru anyamaze, siku moja na kwa mkono mmoja.

Sasa namwaza msichana wa Rukanga aliyeazima kamera, amesimama mbele ya mama yake msukaji. Hampigi picha bado. Anamuuliza, "Mama, wapenda uonekane vipi?" Naona mama akikiweka kikapu chini, akaingia ndani kutafuta viatu vyake.