Nani Aliniruhusu Kusikiliza?

Tarehe 9 Januari 2025 matokeo ya KCSE yalitangazwa. Mtaani kwetu Voi kila mtu alikuwa ameinamia simu, na mamangu alifunga kibanda chake sokoni mapema, jambo ambalo halifanyi hata mvua ikinyesha. Nilikuwa nimepata alama za kuniingiza chuo kikuu. Kufika saa mbili usiku, kozi yangu ilikuwa tayari inajadiliwa bila mimi. Mama alitaka uuguzi: KMTC iko hapa hapa Voi, nitakula nyumbani, na wauguzi hawakosi kazi. Mjomba, ambaye ndiye angebeba sehemu kubwa ya karo, alitaka kitu cha madini, kwa sababu Chuo Kikuu cha Taita Taveta kinajulikana kwa hayo na vito viko huko chini ya ardhi vikingoja mtu mwenye akili. Mimi nikasema saikolojia.

Mjomba akacheka. "Utamtibu nani hapa, ndovu?"

Tukacheka wote, maana ndovu kwetu si mzaha. Wakitoka Tsavo usiku wanamaliza shamba la mahindi, na asubuhi watu wanahesabu hasara kwa magunia. Sijawahi kusikia afisa yeyote akimuuliza mwenye shamba kama analala. Ningemjibu mjomba hivyo, na lingekuwa jibu zuri. Lakini halikuwa jibu la kweli. Sababu yangu haikuwa ndovu.

Miaka miwili kabla, tukiwa kidato cha tatu, rafiki yangu aliniambia jambo na kuniapisha nisilirudie. Alikuwa amejaribu kujiua mara moja, na alikuwa akifikiria tena. Sikulala usiku huo. Kesho yake nikamwambia mtu mzima mmoja tuliyemheshimu wote wawili, nikidhani atamketisha chini azungumze naye. Badala yake akapiga simu, na rafiki yangu akalala seli siku mbili. Sheria iliruhusu. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilisema kwamba anayejaribu kujiua ametenda kosa, na kosa la namna hiyo lingeweza kumpa mtu kifungo cha hadi miaka miwili. Tuliirithi sheria hiyo kwa Waingereza, ambao wenyewe walishaiacha mwaka 1961.

Yuko hai. Nalisema mapema usije ukasoma huku umeshika moyo. Alitoka, akahama shule, akaacha kunisalimia.

Sasa sikiza hii. Siku ile ile ya matokeo, tarehe 9 Januari, Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu jijini Nairobi aliamua kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Kesi ilipelekwa na Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu pamoja na chama cha madaktari wa magonjwa ya akili. Sikujua siku hiyo, nilikuwa napigiwa makofi. Niliiona wiki moja baadaye nikipekua simu, nikaiweka chini na kukaa kitandani muda mrefu. Kumbe nilimpeleka mtu jela kwa kosa ambalo halikupaswa kuwa kosa.

Hapo ndipo swali langu lilipo, na si la kozi tu. Je, mtu aliyewahi kuharibu siri ana haki ya kwenda kusomea kutunza siri?

Nikaanza kusoma. Nilichogundua kwanza kilinipa ahueni ya bei rahisi: hata wataalamu wana ruhusa ya kuvunja siri pale uhai ukiwa hatarini. Kwa hiyo, kikanuni, nilikuwa sawa. Nilitembea na ahueni hiyo siku kama tatu hivi. Ikaisha nilipojiuliza kama nilimwambia kwanza, "Hili siwezi kulibeba peke yangu, twende pamoja kwa nani?" Sikumuuliza. Na alipotoka sikwenda kwao. Niliona aibu, nikaiita heshima. Kanuni ingenitetea kwa kusema, ila kwa haya mengine sioni ingenitetea vipi. Na siwezi kumsingizia yule mtu mzima peke yake, ingawa nimejaribu.

Nilichogundua pili kilinitisha zaidi. Mwaka 1954 serikali ya kikoloni ilichapisha ripoti ya daktari J. C. Carothers, aliyewahi kuwa mkuu wa hospitali ya Mathari, kuhusu saikolojia ya Mau Mau. Watu walikuwa wanadai ardhi, yeye akaandika kuhusu akili zao. Dai likageuzwa kuwa dalili. Kwa hiyo nikisikia vijana wenzangu wakisema saikolojia ni kozi ya "kuelewa watu", naona tuulize: kuwaelewa kwa niaba ya nani? Rafiki yangu naye alieleweka. Alieleweka hadi seli.

Nilipanda Wundanyi kumwona nyanya. Nyanya hajui neno saikolojia, lakini anajua kutasa. Zamani kwetu Wadawida iliaminika kwamba hasira iliyofichwa moyoni, hata ile ambayo mwenyewe hajui anayo, inaweza kumdhuru ndugu: mtoto akaugua, ng'ombe akafa. Dawa ilikuwa kunywa funda la pombe au maji ya miwa, kulipuliza kwa mdomo, na kutamka maneno ya kuitoa hasira hiyo. Mmarekani Grace Harris aliyeishi Taita miaka ya 1950 aliandika kitabu kizima kuhusu jambo hili, kikatoka 1978. Nyanya hakukisoma na hakihitaji. Aliniuliza tu, "Huyo mwenzako, hasira yake ameitoa?"

Nikasema sijui.

"Na wewe?"

Nikasema mimi sina hasira, mimi ndiye mkosaji. Akanitazama kama mtu anayetazama chungu kinachovuja. Mkosaji pia hukasirika, akasema, humkasirikia aliyemkosea kwa kuwa anamkumbusha. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimemkasirikia. Kila nikipishana naye na asinisalimie, nilijisikia ninaonewa. Sikuwa nimejua mpaka dakika hiyo.

Ningetaka kusema nyanya alinifundisha bure kile chuo kitakachonitoza maelfu. Si kweli, na wale wanaosema wazee wetu walikuwa na kila kitu wanatudanganya. Kutasa kunahitaji mpewe na mpaji wawe ndugu, wanaoishi mlima mmoja. Voi ni njia panda. Watu wanashuka kwenye treni ya SGR na mabasi ya Mombasa bila ukoo nyuma yao. Nani atawapulizia miwa? Tunahitaji pia mgeni aliyefunzwa, aliyesajiliwa, anayeweza kushtakiwa akivuruga. Ndiyo maana ya sheria ya mwaka 2014 ya washauri na wanasaikolojia. Na shahada ya kwanza haikufanyi mtaalamu wa tiba. Kuna uzamili mbele, kuna mazoezi chini ya msimamizi, kuna karo juu ya karo. Mjomba nilimweleza hayo yote kwa penseli kwenye karatasi, pamoja na sababu ya kweli. Alinyamaza. Kisha akauliza uzamili ni pesa ngapi.

Niliijaza saikolojia kama chaguo la kwanza, uuguzi wa pili.

Siku mbili baadaye nilitoka sokoni na gunia la vitunguu vya mama, na pikipiki iliyokuwa zamu yake kwenye steji ilikuwa ya yule rafiki. Hakuna aliyekwepa, kulikuwa na watu. Nikapanda.

"Nasikia unaenda kusomea watu," akasema bila kugeuka.

"Ndio."

"Utakuwa unaambia nani?"

Nikamwambia nilipaswa kumuuliza yeye kwanza, siku ile. Nikamwambia nilipaswa kwenda kwao pia, nikaogopa. Upepo ulikuwa mwingi na sijui alisikia kiasi gani, na sikuwa na ujasiri wa kurudia kwa sauti. Alipunguza mwendo kwenye tuta, akaendelea.

Tulipofika alinishusha gunia mwenyewe. Bei ya kawaida ni hamsini. Akasema mia. Nikalipa.