Je, Mgonjwa Haulizwi Uji?



Wazee husema, "Mgonjwa haulizwi uji." Maana ya neno hili ni njema: mwenye upendo hangoji kuombwa, bali apika, apeleka, kisha amsaidia mgonjwa kunywa. Lakini leo twataka kulipima neno hili kwa habari ya mgonjwa wa namna moja, yaani yule apumuaye kwa tundu lililofunguliwa kooni. Huyu mara nyingi hana sauti ya kujibu, hata akiulizwa. Je, imetupasa kumwuliza, au yatosha kumtendea mema yote tuyaonayo sisi?

Kwanza tueleze hali yake. Madaktari hutoboa njia ya pumzi chini kidogo ya zoloto, wakatia mrija mfupi uliopindika, ufungwao shingoni kwa utepe. Kazi hii huitwa trakeostomia. Hufanywa kwa sababu nyingi: pengine njia ya juu imezibwa na uvimbe au jeraha, pengine kifua kimedhoofika hata mtu hawezi kupumua pasipo mashine. Basi pumzi huingia na kutoka kwa mrija, wala haifiki kwenye nyuzi za sauti zilizo juu yake. Ndiyo sababu midomo ya mgonjwa yacheza, lakini hatusikii kitu. Sauti yake imekatika, akili yake haikukatika.

Tena pua imeachwa kando, nayo ina kazi kubwa kuliko watu wengi wadhanivyo: huipasha hewa moto, huitia unyevu, huichuja vumbi. Hewa iingiayo kooni moja kwa moja ni kavu, na makohozi huwa mazito hata kuweza kuuziba mrija. Kwa hiyo mwenye kuuguza ana kazi nyingi. Hana budi kunawa mikono kila mara, na kuyafyonza makohozi kwa mpira mwembamba, upesi, isizidi sekunde 10 au 15, maana wakati ule mgonjwa hapati pumzi vema. Huosha mrija wa ndani, ikiwa upo. Huweka karibu na kitanda mrija wa akiba wa kipimo kile kile, na mwingine mdogo zaidi. Humwepusha mgonjwa na moshi wa jiko na vumbi, na aogapo huangalia maji yasiingie tunduni. Mambo haya mtu hufundishwa hospitalini, akitazama, kisha akitenda mbele ya wauguzi. Maneno yetu haya si badala ya mafundisho hayo.

Atendaye haya usiku na mchana ameishika pumzi ya mwenzake mkononi. Hapo ndipo swali letu lilipo. Maana aishikaye pumzi ya mtu ni rahisi aishike na nia yake pia. Huanza kwa kumjibia wageni, kwa kuwa kujibu kwake kwachukua muda mrefu. Halafu humchagulia chakula, na saa ya kulala, na watu wa kumtazama. Mwisho mgonjwa amekuwa kama chombo kilicho safi, kimetunzwa vizuri sana, ila hakuna aliyemwuliza neno tangu asubuhi.

Sisi nasi tumelifanya kosa hili. Tuliingia katika chumba cha mgonjwa wa namna hiyo, tukamwuliza mkewe, "Bwana ameamkaje leo?" Mkewe akajibu. Tukaomba, tukaaga, tukatoka. Njiani mmoja wetu akasema, "Je, mliona jinsi midomo yake ilivyokuwa ikicheza?" Tulikuwa tumeiona sote, wala hakuna aliyeinama. Alikuwa mwenye nyumba, nasi tulipita mbele yake kama watu wapitao mbele ya kiti.

Katika habari hii twajifunza kwa jambo lililotokea Copenhagen, mji mkuu wa Denmark, mwaka 1952. Ugonjwa wa polio ulizuka huko kwa nguvu nyingi, ukawapooza watu hata misuli ya kupumua, na wengi wao walikuwa watoto. Hospitali ya Blegdam ilikuwa na chombo kimoja tu kikubwa cha chuma cha kumsaidia mtu kupumua, na vingine sita vya kufunika kifua. Katika wagonjwa 31 wa kwanza waliopooza pumzi, 27 walikufa. Tarehe 27 Agosti msichana wa miaka 12 alitobolewa koo, akatiwa mrija, na daktari Bjørn Ibsen akamsukumia hewa kwa kukamua mfuko wa mpira. Msichana yule akaokoka. Baada ya hayo wanafunzi wa udaktari wapatao 1,500 wakaitwa, wakakaa vichwani pa wagonjwa, wakiikamua mifuko kwa mikono, zamu baada ya zamu, usiku na mchana, muda wa miezi. Vifo vikapungua sana.

Hapa twaona mambo mawili. La kwanza, mkono peke yake hautoshi. Mfuko hauna macho; aukamuaye hana budi kumtazama mgonjwa usoni, ajue kama pumzi yamtosha au yampungukia. Basi kumtunza na kumsikiliza si kazi mbili. Asiyetaka kulipokea neno la mgonjwa, hata utunzaji wake utakosa kitu, kwa kuwa mgonjwa ndiye wa kwanza kujua makohozi yanapoanza kumsumbua, au utepe unapomkaza.

Labda mtu atasema, "Ninyi mwasema kwa wepesi. Mrija ukiziba, je, nikae nikingojea aandike?" La, hasha! Saa ya hatari ni ya kutenda, si ya kuuliza. Lakini saa hizo ni dakika chache, na siku ina saa 24. Tena mlango wa kuuliza si mgumu. Ulizeni maneno yajibiwayo kwa ndiyo au siyo, mkapatana alama ya kila moja, kama kufumba macho au kuinua kidole. Mpeni kibao au karatasi, na kengele karibu na mkono wake. Kisha ngojeni, wala msimmalizie neno. Baadhi yao huweza kurudishiwa sauti kwa kilango kidogo kitiwacho mdomoni mwa mrija. Lakini mrija wenye puto lililojaa hewa ukitiwa kilango hicho, mgonjwa hawezi kutoa pumzi. Basi asikitie mtu asiyefundishwa.

La pili ni zamu. Mfuko ulikamuliwa usiku kucha, lakini si kwa mkono mmoja. Nyumbani kwetu mara nyingi mkono ni mmoja: wa mke, au mama, au binti. Huyu asipolala, kengele ya mgonjwa humwingia sikioni kama tusi, na uvumilivu wa kungojea neno humwishia. Tusimlaumu. Tujilaumu sisi tunaoleta mayai na salamu, tukarudi makwetu kulala. Mmoja wetu na akajifunze kazi ile hospitalini, aje kushika zamu hata saa tatu tu kila juma, ili mwenzake apumzike.

Basi, ndugu, neno la wazee twalishika, ila kwa kiasi. Uji na uletwe pasipo kungojea ombi. Lakini ukiisha kuletwa, keti mahali aonapo uso wako, umwuonyeshe kikombe, na umwulize kama autaka sasa au baadaye. Akisema baadaye, uweke chini.