Ushindi wa Shela na Deni Lake

Siku moja niliwachukua wanafunzi wangu kwenda kuitazama Ngome ya Lamu. Tulikuwa tumeketi kwenye ngazi zake zinazokabili uwanja wa Mkunguni, tukipumzika kivulini, ndipo mmoja wao aliponiuliza, "Mwalimu, ikiwa watu wa Lamu walishinda vita, mbona ngome hii ilikaliwa na askari wa mtu mwingine?" Swali lake lilinishughulisha siku nyingi.

Vita alivyovikusudia ni vile vya Shela. Yapata mwaka wa 1812, jeshi la akina Mazrui wa Mombasa pamoja na watu wa Pate lilishuka katika pwani ya Shela, nia yake kuitia Lamu mkononi. Watu wa Lamu walilikabili, wakalivunja. Maji yalikuwa yamekupwa, vyombo vya wavamizi vimekwama mchangani, na waliogeuka kukimbia hawakuikuta bahari ya kuwachukua.

Miongoni mwa viongozi wa Lamu wa zama hizo alikuwa Bwana Zahidi Mngumi, mtu wa siasa na mtu wa mashairi. Tungo zake za wakati wa vita vya Kuduhu zimehifadhiwa hata leo. Mji aliouongoza haukuwa na mfalme. Wazee wa nyumba kubwa walikutana katika Yumbe, wakashauriana mambo ya vita na biashara, na hao hao waliketi kuamua magomvi ya watu. Mji ulikuwa na pande mbili, Zena na Suudi, na uongozi ulishikwa kwa zamu. Zamu hiyo naomba msomaji aikumbuke, kwani nitairudia.

Baada ya ushindi, wazee wa Lamu waliingiwa na hofu. Mombasa ilikuwa na nguvu bado, na aliyeshindwa leo huenda akarudi kesho na watu wengi zaidi. Basi walipeleka habari Maskati kwa Sayyid Said bin Sultan, hasimu wa akina Mazrui, wakamwomba awalinde. Akakubali, akaleta askari na liwali. Ngome ikakamilika mwaka wa 1821.

Je, walitenda haki? Wako wanaosema kwamba wazee wale waliuza mji. Mimi naona neno hilo ni kali mno kwa watu waliokuwa wamezika ndugu zao punde tu. Ni rahisi kuwa shujaa mtu anapoisoma vita kitabuni. Tena tutazame jirani zetu wa Siyu, katika kisiwa cha Pate, waliokataa. Mwaka wa 1844, wakiongozwa na Bwana Mataka, walilishinda jeshi la Sayyid Said, na sifa yao haijafutika. Lakini katika miaka ya 1860, zama za Sultani Majid, Siyu iliangushwa, na Muhammad mwana wa Bwana Mataka akafungwa katika Ngome ya Yesu, Mombasa, akafia humo. Aliyeomba ulinzi alitawaliwa, na aliyekataa naye alitawaliwa. Hatuwezi, basi, kuwahukumu wazee wa Lamu kwa matokeo peke yake.

Kosa lao, kwa maoni yangu, liko mahali pengine. Watu hawa walijua vema kuliko wengi kwamba madaraka yapasa kuwa na siku ya kurudishwa. Ndiyo maana ya zamu ya Zena na Suudi: anayetawala leo amwona mbele yake yule atakayempokea. Lakini walipompa mgeni madaraka makubwa kuliko yote, ulinzi waliouomba haukuwa na mwisho. Na mlinzi hakuja na bunduki tu. Alikuja na kiti cha hukumu pia. Askari huweza kuambiwa arudi kwao adui anapokwisha. Hakimu haambiwi hivyo, maana vita vina mwisho, bali magomvi ya watu juu ya mashamba, mahari na mirathi hayana mwisho. Liwali aliyeletwa kwa sababu ya Mazrui alibaki Mazrui walipokwisha kushindwa mwaka wa 1837. Mwaka wa 1895 Sultani wa Zanzibar alipatana na Waingereza waitawale pwani hii kwa niaba yake, na Liwali akaendelea kuketi kama hakimu chini yao. Mkono wa Sultani haukuondoka rasmi mpaka mwaka wa 1963. Ni miaka mia moja na hamsini, kwa hofu ya msimu mmoja.

Mtu aweza kutoa uhai wake kwa ajili ya mji wake, nasi tukamsifu. Uhuru wa wajukuu ambao hawajazaliwa si mali yake. Akilazimika kuuweka rehani, na yawezekana akalazimika, wajibu wake ni kuandika siku ya kuukomboa.

Kuna jambo moja zaidi, nalo si la kupendeza. Tunaposema "watu wa Lamu waliamua," twasema habari za waungwana. Watumwa waliolima mashamba ya bara hawakuwa na nafasi katika Yumbe, na kwao kubadilika kwa mtawala hakukubadilisha jembe mkononi. Utumwa haukuondolewa kisheria katika pwani hii mpaka mwaka wa 1907. Wazee waliogopa kupokonywa uhuru ambao wao wenyewe walikuwa wamewanyima wengine. Sijui kama jambo hili liliwapitikia moyoni.

Ngome yenyewe ilifanywa gereza tangu mwaka wa 1910 hadi 1984, na sasa ni makumbusho. Nilipomweleza mwanafunzi wangu fikira zangu hizi, hakuridhika. "Na kama Sayyid Said angalikataa sharti la siku?" aliuliza. "Wangalifanya nini, nao Mazrui wako njiani?" Nilimwambia aandike insha juu ya swali hilo, nami niandike yangu. Hii ndiyo yangu. Yake ilikuwa ndefu zaidi, wala hakukubaliana nami.