Gari Likipona, Je, Chanzo Kimejulikana?

Kutengeneza kitu na kujua kilichokiharibu ni kazi mbili, hata kama zinafanywa na mkono mmoja na kulipiwa kwa risiti moja. Fundi anaweza kubadilisha plagi, nozo na chujio la petroli kwa mpigo, injini ikatulia, na bado asijue ni kipi kati ya vitatu hivyo kilichokuwa na kasoro. Mwenye gari ameridhika na safari inaendelea. Linalobaki ni swali ambalo wanafalsafa na wanatheolojia wamelibishania kwa karne nyingi: je, kupona ni ushahidi wa chanzo?

Swali hilo hubana zaidi kwenye magari ya zamani ya spoti yenye injeksheni ya petroli ya kimakanika. Katika gereji za jua kali za Gatina, upande wa Kawangware jijini Nairobi, gari la kisasa huunganishwa na mashine ya kusoma hitilafu, nayo hutoa namba inayoonyesha pa kuanzia. Mfumo wa kimakanika hauna kompyuta wala kumbukumbu. Ushahidi wake ni moshi, harufu, mlio na rangi ya plagi, basi. Magari hayo ni nadra Gatina, lakini pampu yao si ngeni kabisa kwa fundi aliyezoea injekta pampu ya lori la dizeli, kwa kuwa ni za ukoo mmoja: kampuni ya Bosch ilianza kutoa pampu zake za dizeli mwaka 1927, na pampu za petroli zikajengwa juu ya msingi huo. Afrika Mashariki iliujua mfumo huu wa petroli kupitia mbio za magari za Safari. Bert Shankland, aliyekuwa akiishi Tanzania, alishinda mwaka 1966 na 1967 kwa Peugeot 404, na Björn Waldegård akashika nafasi ya pili mwaka 1974 kwa Porsche 911 Carrera RS.

Pampu ya Porsche hiyo ina plunja sita, moja kwa kila silinda. Huzungushwa na mkanda wa meno kutoka kamshafti, kwa nusu ya mwendo wa injini. Ndani yake kuna kemu yenye mabonde na miinuko pande zote: kasi ya injini huisogeza, mguu wa dereva kwenye akselereta huigeuza, na sehemu inayoguswa ndiyo inayoamua kiasi cha petroli. Pampu haipimi hewa inayoingia kwenye silinda. Inaikisia kutokana na dalili mbili tu, kasi na akselereta. Kwa hiyo lolote linalobadilisha hewa bila kugusa dalili hizo litaifanya pampu nzima ionekane mbovu. Tapeti zikibana, pete za pistoni zikilika, au vilango sita vya hewa visipofunguka kwa pamoja, pampu itaendelea kutii hesabu yake, na moshi mweusi utamsingizia asiye na hatia.

Mwinuko wa nchi huonyesha jambo hili vizuri. Kituo cha hali ya hewa cha Dagoretti, jirani na Gatina, kiko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, ambako kanieneo ya hewa ni pungufu ya ile ya Mombasa kwa takriban moja ya tano. Pampu ina kidonge cha chuma kinachotanuka hewa inapopungua, kikapunguza petroli. Kidonge kikifa, gari lililotoka Mombasa likiwa safi litafika Gatina likitoa moshi. Anayesema chanzo ni mwinuko hajasema uongo, ila hajajibu swali. Mwinuko huo ni wa magari yote ya mtaa, na mengine hayatoi moshi. Jambo linalowahusu wagonjwa na wazima kwa usawa ni sharti la ugonjwa, na sharti peke yake halielezi kwa nini huyu ameugua na yule hakuugua.

Hapa ndipo kupona kunapoweza kupotosha. Fundi asiyekigundua kidonge anaweza kukaza skrubu ya mchanganyiko hadi moshi uishe. Gari limepona Gatina. Likirudi pwani, hewa ni nzito na petroli imeshapunguzwa, injini inapata joto kupita kiasi, na pistoni zinaweza kuungua. Dalili iliondoka huku kasoro ikibaki pale pale, na kasoro ya pili ikaongezwa juu ya ile ya kwanza. Kasoro mbili zinazofichana ni ngumu kuzitafuta kuliko moja iliyo wazi.

Kwa sababu hiyo Porsche iliwapa mafundi utaratibu wa hatua tatu: kukagua, kupima, kisha kurekebisha. Injini hutangulia pampu. Kompresheni hupimwa kwanza, halafu nafasi ya tapeti, ambayo kwenye injini ya 911 ni milimita 0.10 ikiwa baridi. Zinafuata plagi na taimingi ya moto, petroli inayofika kwenye pampu, ulinganifu wa vilango vya hewa na urefu wa vyuma vinavyoviunganisha na pampu. Nozo hupimwa kama zinafunguka kwenye kanieneo inayotakiwa, takriban bar 15 hadi 18. Skrubu ya mchanganyiko huja mwisho. Mpangilio huu ni hoja yenye ngazi: kila kipimo kina maana ikiwa tu kilichokitangulia kimethibitishwa, na anayeruka ngazi hupata namba asizoweza kuzitafsiri.

Hata hivyo utaratibu haulimalizi swali la awali. Mwishoni mwa karne ya 11 mwanatheolojia wa Kiislamu al-Ghazali alitoa mfano wa pamba na moto: jicho huona pamba ikiungua inapoguswa na moto, lakini haliuoni moto ukiilazimisha pamba iungue. Kwake, mfuatano huo ni desturi aliyoiweka Mungu. Karibu karne moja baadaye mwanafalsafa Ibn Rushd alimjibu kwamba anayekana sababu amekana maarifa yenyewe. Gereji inawapa wote wawili sehemu ya haki. Nozo mpya kufuatwa na injini tulivu ni mfuatano tu, kama alivyoonya wa kwanza. Lakini bila kuamini kwamba vitu vina tabia inayodumu, kama alivyosisitiza wa pili, hakuna sababu ya kufungua boneti. Wala msimamo wa al-Ghazali haumzuii muumini kushika spana, kwa kuwa desturi ya Mungu ni ya kutegemewa.

Lipo pia swali lingine linaloingia gereji bila kubisha hodi: kwa nini gari hili, na kwa nini leo? Mwaka 1937 mwanaanthropolojia E. E. Evans-Pritchard aliandika kuhusu Wazande, ambao walijua vyema kuwa mchwa ndio walioila nguzo ya ghala, na bado wakauliza kwa nini lilianguka wakati watu fulani walipokuwa chini yake. Ni swali halali kwa padri, shehe au mzee wa ukoo. Pampu haina jibu lake, na fundi anayelijibu ameacha ufundi.

Njia iliyobaki ya kupata ushahidi ni kurudisha kasoro. Nozo ya zamani irudishwe mahali pake, vingine vyote vikiachwa kama vilivyo. Mtikisiko ukirudi, na ukaisha tena nozo mpya ikifungwa, mfuatano umekaribia kuwa uhusiano. Jaribio hili linakula saa za kazi, na mteja wa Gatina hulipia mwendo, halipii elimu. Ndiyo maana mara nyingi huachwa, na gharama ya kutojua ikamwangukia yeye kwa vipuri vizima vilivyotupwa.

Henry Odera Oruka, mwanafalsafa wa Chuo Kikuu cha Nairobi, katika utafiti wake juu ya wenye hekima wa Kenya, alimtofautisha mtu anayehifadhi maarifa ya jamii na yule anayeyachunguza na kuyatolea sababu. Kwa huyo wa pili, shule haikuwa sharti. Kipimo hicho kinamfaa fundi. Kusema kwamba vipuri vitatu vimebadilishwa na gari limepona ni taarifa ya kweli isiyodai zaidi ya ilichoona. Kusema kwamba nozo ya silinda ya nne ndiyo iliyokuwa imeziba ni dai, nalo linadaiwa uthibitisho. Kupona kunatosha kwa taarifa ya kwanza. Kwa dai la pili ni dalili tu, hadi kasoro irudishwe na kuondolewa kwa makusudi.