JE, HESHIMA YA BABA NI YA SIKU MOJA?



Kila tarehe 1 Agosti nchi yetu ya Kongo inapumzika kwa Sikukuu ya Wazazi. Asubuhi tunakwenda kwenye makaburi. Hapa Kaniama ni kiangazi, majani yamekauka. Tunabeba majembe na mapanga, tunafyeka na kufagia kaburi la baba na la mama. Kiisha tunarudi kwa wazazi walio wazima: bukari, kuku, shati mpya kwa baba, kitenge kwa mama. Desturi hii ni nzuri, maana imeweka wafu na wazima katika siku moja.

Mataifa mengine yana njia zao. Kule Marekani, Sonora Smart Dodd aliomba siku ya kuheshimu akina baba, kwa sababu baba yake, kiisha kufiwa na bibi, alilea watoto peke yake. Siku ile ilifanyika mara ya kwanza katika mji wa Spokane, Juni 1910. Sheria ya serikali yao ilifuata mwaka 1972. Italia na Hispania wanachagua 19 Machi, siku ya Yosefu aliyemlea Bwana Yesu. Wachina, katika mwanzo wa Aprili, wanasafisha makaburi kama sisi. Nasi Baluba tunampa mtoto jina la babu yake, na baba anamwita mwana wake mwenyewe «Tata».

Desturi ni nyingi, lakini ulizo ni moja: kama baba anaheshimiwa siku moja, siku zingine anaishi namna gani?

Katika Marko sura ya 7, Bwana Yesu anakaripia watu waliosema mali yao ni korbani, sadaka ya Mungu, kusudi wasisaidie baba na mama. Tuangalie vizuri: hawakuwa wapagani, walikuwa watu wa dini. Walimtumia Mungu kwa kukimbia wazazi. Basi hata leo mtu anaweza kutoa kwa furaha katika nsinsani, fanfare inapiga, na kule nyumbani baba yake anakosa chumvi.

Kuna jambo zito zaidi. Mtoto anagonjwa, biashara inaanguka, na jamaa inatafuta mkosaji. Mara nyingi kidole kinaonyesha mzee: yeye ndiye mlozi! Anafukuzwa, au anapigwa. Na mara nyingine anayetaja jina lake anajiita nabii. Sisi tulio wa kanisa la nabii tuseme wazi: hiyo si kazi ya Roho Mtakatifu. Mwaka 1921 Papa Simon Kimbangu alifundisha watu waache nkisi. Kuacha nkisi ni kazi ya kila mtu juu ya nafsi yake. Si ruhusa ya kumshitaki mzazi. Sheria ya 10 Januari 2009 inalinda mtoto juu ya mashitaka ya ulozi. Kwa mzee, amri ya tano inatosha. Hatuwezi kufyeka kaburi la babu tarehe 1 Agosti, na tarehe 2 kumfukuza baba.

Wengine watauliza: na baba aliyetuacha je? Aliyekwenda Mbuji-Mayi kutafuta almasi, hakurudi, hakulipa masomo? Ulizo hili ni la haki. Waefeso sura ya 6 inaagiza watoto, lakini inaagiza akina baba vilevile. Kuheshimu si kusifu ubaya. Noa alilewa, akalala uchi. Shemu na Yafeti hawakusema kwamba alifanya vema, lakini walimfunika. Baba wa namna ile akirudi mzee na mgonjwa, tumpe chakula na mahali pa kulala. Maneno ya kweli tutamwambia ndani ya nyumba, si sokoni.

Tukumbuke vilevile baba ambaye hakuondoka kwa mapenzi yake. Papa Simon Kimbangu alikamatwa Septemba 1921. Mtoto wake wa mwisho, Diangienda, alikuwa na miaka mitatu. Alikufa katika kifungo huko Elisabethville, leo Lubumbashi, tarehe 12 Oktoba 1951. Watoto walikua kwa mkono wa Mama Marie Mwilu. Aprili 1960 mabaki yake yalirudishwa Nkamba. Lakini mbele ya kuchukua mifupa ya baba, walikuwa wamekwisha kuchukua kazi yake. Hiyo ndiyo heshima isiyongoja sikukuu.

Tunajua maneno matatu ya kanisa letu: Upendo, Amri, Kazi. Amri tunaikariri. Upendo tunauimba. Kazi ndiyo inabaki: kurekebisha nyasi za nyumba yake mbele ya mvua, kumlimia shamba la mihindi, kumpeleka kwa daktari, kukaa naye jioni na kumsikiliza, hata kama habari ile tumeisikia mara kumi.

Mwenye baba mzima asingoje Agosti. Bwana awabariki. Amina.